Adui anayeinuka: je, anaweza kupigwa ngwala tena kabla hajasimama?

Msimamizi wa Shangani (Mtwara mjini) ameuliza:

Ndugu wachezaji, salaam. Mimi husimamia mchezo wa kikundi cha watu watano hapa Mtwara, yaani ndiye mwamuzi na ndiye ninayewachezesha maadui, ambacho hukutana kila Jumamosi baada ya sala ya isha kwenye baraza ya nyumba yetu. Tunacheza Pathfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, toleo la kwanza, lile ambalo kampuni ya Paizo ilitoa mwaka 2009, kwa kuwa kanuni zake zinasomeka bure mtandaoni chini ya leseni huria, nasi hatukuwa na uwezo wa kuagiza vitabu kutoka nje. Uwanja wa mapambano tunauchora kwa rula kwenye karatasi ya manila, kila mraba ukihesabiwa kuwa futi 5, na kete zetu amezichonga mmoja wetu kwa vipande vya mpingo. Nayasema haya ili mjue kwamba tunauheshimu mchezo huu na tunataka kuucheza kwa haki.

Jumamosi iliyopita tulifika mahali ambapo sikuridhika na uamuzi wangu mwenyewe. Mchezaji mmoja ana mpiganaji wa ngazi ya 6, mwenye silaha ya mpini mrefu yenye ndoano, inayomfikia mtu aliye umbali wa futi 10. Mpiganaji huyo amejifunza ustadi wa ngwala na ule ustadi wake wa juu, kwa hiyo nguvu yake ya mbinu (nyongeza anayoijumlisha kwenye dadu) anapopiga ngwala ni 14: uwezo wa msingi wa kushambulia 6, nyongeza ya nguvu za mwili 4, na 2 kwa kila ustadi. Alikabiliana na nahodha wa maharamia mwenye kinga ya mbinu (kiwango ambacho jaribio la mpinzani lazima likifikie) 20, yaani 10 ya kuanzia, 5 ya uwezo wa msingi, 3 ya nguvu na 2 ya wepesi. Kwa hesabu hiyo, dadu ya pande 20 ikionyesha 6 au zaidi, nahodha yuko chini, na hizo ni pande 15 kati ya 20.

Nahodha alianguka mara ya kwanza, na hilo halikuwa na ubishi. Zamu yake ilipofika nikatangaza kwamba anasimama. Kuinuka kutoka chini ni tendo la mwendo ambalo humpa adui aliye karibu pigo la upenyo, yaani pigo la ziada nje ya zamu yake, na mchezaji wangu akasema kwamba pigo lake la upenyo ni ngwala nyingine. Nilimkubalia, kwa sababu kanuni zinaruhusu ngwala itumike badala ya pigo la kawaida la silaha. Dadu ikamwendea vyema, nahodha akarudi chini, na tendo lake la mwendo likawa limepotea. Mzunguko uliofuata yakawa yale yale, na uliofuata vivyo hivyo. Kwa mizunguko minne nahodha hakuinua upanga hata mara moja, kwani hata kutambaa futi 5 akiwa chini nako hufungua upenyo, hadi akafa akiwa amelala pale pale.

Wachezaji wawili walilalamika, si kwa kumwonea huruma nahodha, bali kwa sababu waliona kwamba wao hawakuwa na kazi tena, na kwamba siku adui akija na silaha kama ile, wahusika wao nao watauawa wakiwa wamelala. Mmoja wao alishikilia kwamba mtu ambaye hajamaliza kuinuka bado yuko chini, na aliye chini hapigwi ngwala. Mwenye silaha akajibu kwamba amesoma kwa macho yake kwamba pigo hilo huja baada ya mtu kuwa amesimama. Naomba kujua nani yuko sahihi.

Nina maswali mengine mawili madogo yaliyozuka usiku huo huo. La kwanza: dada mmoja, ambaye mhusika wake hana ustadi wowote wa kupokonya silaha, alijaribu kumpokonya nahodha upanga kabla hajaangushwa. Nahodha akapata pigo la upenyo na kumjeruhi pointi 9. Dadu ya dada ikaonyesha 17, na kwa nyongeza yake ya 5 akafikisha 22, nami nikamwambia atoe 9 ili abaki na 13, akashindwa. Alisikitika sana, nikabaki nikijiuliza kama nimemwonea. La pili: baadaye walipambana na kaa mkubwa kwenye mikoko, na kanuni zinasema kwamba kiumbe mwenye miguu zaidi ya miwili huongezewa kinga dhidi ya ngwala kwa kila mguu wa ziada. Tulibishana kama kaa ana miguu minane au kumi.

Mwalimu wa Masasi amejibu:

Ndugu Msimamizi, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja tarakimu zote, na tarakimu zako ziko sawa. Nitaanza na kubwa.

Katika toleo mnalotumia, pigo la upenyo huamuliwa kabla ya kukamilika kwa tendo lililolizua. Kanuni hiyo ndiyo mhimili wa mambo yote mengine: ukipitia mbele ya mtu mwenye upanga, anakupiga ukiwa bado kwenye mraba unaoutoka, si ule unaouendea, ukianza kusoma maneno ya uchawi mbele yake, anakupiga kabla uchawi haujatoka, na ndiyo maana jeraha lake linaweza kuuvuruga. Kwa mantiki hiyo hiyo, anayeinuka hupigwa angali chini. Ngwala ikimpata mtu aliye chini haina la kumfanya, kwa maana hali inayoletwa na ngwala anayo tayari. Pigo likishamalizika, tendo lake la kuinuka linaendelea, naye anasimama. Kwa hiyo mchezaji wako aliyesema kwamba asiyemaliza kuinuka bado yuko chini ndiye aliye sahihi, na nahodha wako alistahili kusimama mzunguko wa pili, akiwa na majeraha lakini akiwa na upanga mkononi.

Nakusihi usilichukue jibu hili kama adhabu kwa mwenye silaha. Aliye chini hupungukiwa pointi 4 za kinga dhidi ya mapigo ya silaha za mkononi, hivyo pigo la kawaida la kumjeruhi wakati anainuka lina nafasi kubwa ya kumpata. Tena kuna jambo ambalo vikundi vingi hulipita: kanuni zinasema kwamba kila upungufu unaoangukia kinga ya mwili huangukia pia kinga ya mbinu. Kwa usomaji wangu, nahodha aliye chini ana kinga ya mbinu 16 na si 20, na mchezaji wako angeweza kulitumia pigo lile la upenyo kumpokonya upanga badala ya kumrudisha chini. Nahodha angesimama, ndiyo, lakini angesimama mikono mitupu na upanga wake ukiwa umelala miguuni pake, na kuuokota ni tendo jingine linalofungua upenyo mwingine. Mimi huona uzuri wa kanuni hizi uko hapo hasa, kwamba kila mlango unaofungwa una dirisha pembeni yake.

Kuhusu dada yenu, hukumwonea. Asiye na ustadi wa mbinu anayoijaribu humfungulia adui upenyo, na akijeruhiwa na pigo hilo, kiasi cha jeraha hutolewa kwenye jaribio lake. Tena ashukuru kwamba alishindwa kwa pointi 7 tu, kwani anayeshindwa kupokonya kwa pointi 10 au zaidi hudondosha silaha yake mwenyewe. Lakini mshauri hivi: mtu wa kawaida ana pigo moja tu la upenyo kwa kila mzunguko. Mwenzake aliyevaa deraya nzito apite kwanza mbele ya nahodha na kumfanya alitumie, kisha dada ndiye aingie na mbinu yake. Hapo hatakatwa hata pointi moja.

Naongeza kidogo kwa faida ya wasomaji wengine. Kabla ya mwaka 2009, katika toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2003 ambalo Pathfinder iliota kutoka kwake, ngwala ilihitaji kwanza kumgusa adui kwa jaribio moja, kisha kushindana naye kwa nguvu kwa jaribio la pili, na ukishindwa yeye naye alikuwa na haki ya kujaribu kukuangusha. Kukabana kulikuwa na hatua nyingi kuliko hizo. Tarakimu mbili za sasa, nguvu ya mbinu na kinga ya mbinu, zilikuja ili jaribio moja la dadu litoshe. Ubishi uliobaki ni wa mpangilio wa matukio, na mpangilio unahitaji mtu asome polepole.

Kijana wa Mikindani amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe, lakini nafikiri najua mchezaji mwenye silaha alikosoma maneno yake, na si haki kumwona kama aliyeyatunga.

Katika toleo la pili la Pathfinder, la mwaka 2019, jambo hili limegeuzwa kabisa. Huko tendo la mwendo ambalo halimtoi mtu kwenye mraba wake huzua pigo mwishoni mwa tendo, na kuinuka ni tendo la namna hiyo. Kwa hiyo anayeinuka hupigwa akiwa ameshasimama, na upungufu wa kinga aliokuwa nao chini umeshamwondoka. Ila toleo hilo hilo limefunga mlango kwa upande mwingine: pigo lile la upenyo huwa ni pigo la silaha tu, si ngwala, na tena si kila mhusika analo, mpiganaji huanza nalo, wengine wengi hawana. Ngwala yenyewe huko haishindani na kinga ya mbinu, bali ni jaribio la riadha dhidi ya wepesi wa adui wa kujinusuru, na ukiitumia kama shambulio la pili katika zamu moja unapungukiwa pointi 5, la tatu pointi 10. Mtu akichukua wakati wa kutokea pigo kutoka toleo la pili na uhuru wa ngwala kutoka toleo la kwanza, anapata kitu ambacho hakimo katika toleo lolote kati ya hayo mawili, na nadhani hicho ndicho kilichomuua nahodha.

Sisi hapa Mikindani tunacheza Dungeons & Dragons, ambako tangu toleo la mwaka 2014 kuinuka hugharimu nusu ya mwendo wako wa zamu hiyo na hakumpi adui pigo lolote. Lakini msidhani kwamba huko hakuna namna ya kumfungia mtu chini. Ukimkaba kwanza, mwendo wake unakuwa sifuri. Ukimsukuma hadi aanguke, anakosa ile nusu ya mwendo ya kuinukia, kwa sababu nusu ya sifuri ni sifuri. Analazimika kwanza kujinasua, na hilo linamla tendo lake. Tulibishana miezi kadhaa kama huo ni ujanja usiofaa, na hatimaye tukakubali kwamba ni halali, kwa sababu anayekaba naye mkono wake mmoja umefungika na yuko karibu kiasi cha kupigwa na wenzake adui. Katika vitabu vya mwaka 2024 waliibadilisha njia ya kuamua: hakuna tena kushindana kwa dadu mbili, bali anayekabwa au kusukumwa hufanya jaribio la kujinusuru kwa nguvu au kwa wepesi, achague mwenyewe, dhidi ya 8 pamoja na nyongeza ya nguvu na ya umahiri wa mshambuliaji. Kufunga chini kwenyewe kumebaki palepale.

Mama Kete (Lindi) amejibu:

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi. Mimi husimamia mchezo wa wanangu na wa jirani hapa Lindi, tunacheza kwa Kiswahili tupu, na naona kuna jambo katika swali la Msimamizi ambalo bado halijaguswa. Aliandika kwamba alitangaza: "anasimama." Neno hilo ndilo lililowagombanisha.

Katika lugha yetu, "anasimama" ni neno la watu wawili. Ni yule anayejisukuma kwa viwiko kutoka chini, na ni yule ambaye ameshakuwa wima mbele yako. Msimamizi alimaanisha wa kwanza, mwenye silaha akamsikia wa pili, na mchezaji wa tatu akamsikia wa kwanza. Wote walisikia Kiswahili sahihi. Mimi nilipata tatizo la aina hii kwenye neno "anaingia," pale tulipokuwa tukibishana kama mtego wa mlangoni umemnasa aliye kizingitini au aliyekwisha kuwa ndani, na tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kutangaza tendo mara mbili. Kwanza nasema "anainuka," kisha nanyamaza na kumtazama kila mwenye haki ya kupiga. Mapigo yakiisha, ndipo nasema "amesimama." Watoto wameshazoea kiasi kwamba nikisahau neno la pili wananikumbusha wao. Katika bao kila mtu anajua kwamba mwenye mtaji, yaani mwenye nafasi ya kula, hana hiari ya kutakata, yaani kucheza bila kula, na hakuna anayebishania jambo hilo kwa sababu wote tumelirithi na maneno yake. Michezo hii mipya tumeipokea bila maneno, kwa hiyo kuyachagua ni kazi yetu, na tuyachague kabla mapambano hayajaanza, si katikati.

Kwa ajili hiyo hiyo napenda sana mnavyosema "ngwala" na si "kuangusha." Kuangusha ni neno pana mno, anayesukumwa huanguka, anayekatwa mguu huanguka, na mlevi huanguka peke yake. Ngwala ni miguu kupigwa ikatoka chini ya mtu aliyesimama. Ukisema "nampiga ngwala mtu aliyelala," hata asiyeujua mchezo atakushangaa.

Na kaa, mwanangu Msimamizi, umekaa Mtwara ukashindwa kumhesabu? Kaa ana miguu minane na magando mawili. Gando ni la kubania na kupigania, halimbebi mwili, na hakuna mvuvi wa pwani yetu atakayeliita mguu. Miguu minane ukiondoa miwili inabaki sita, na kwa pointi 2 kila mmoja kaa wako anaongezewa 12 kwenye kinga yake dhidi ya ngwala. Ni sawa na buibui. Nyoka ndiye mwenye habari nyingine: yeye hana mguu hata mmoja, kwa hiyo katika toleo lenu hapigwi ngwala kabisa, sawa na kiumbe kilicho hewani.

Msimamizi wa Shangani ameandika tena:

Shikamoo Mama, shikamoo Mwalimu. Nawashukuru kwa dhati, pamoja na kaka wa Mikindani. Nimewasomea majibu haya wachezaji wangu jana jioni. Mwenye silaha alifungua simu yake mbele yetu na ikaonekana kweli kwamba ukurasa aliousoma ni wa toleo la pili. Alituomba radhi, ingawa kosa lilikuwa langu mimi niliyeamua bila kusoma. Kaa tumempa nyongeza yake ya 12. Nahodha ameshazikwa na hatutamfufua, kwa kuwa tulikubaliana zamani kwamba uamuzi uliokwisha kutolewa mezani haurudishwi nyuma, hata ukiwa na kasoro.

Mwenye silaha amebaki na swali moja ambalo nimeona ni la haki. Ametumia nafasi nyingi za kukua kwa mhusika wake kujifunza ngwala, ikiwemo kumpa akili ya pointi 13 ambayo mpiganaji huwa haihitaji kwa kitu kingine. Je, hakuna njia yoyote halali ya kumrudisha chini mtu aliyetoka kuinuka, kabla hajapiga?

Mwalimu wa Masasi amejibu:

Marahaba. Ipo, lakini ina bei yake.

Katika zamu yake mwenyewe, badala ya kupiga, atangaze kwamba anavizia. Kuvizia ni kuliweka tayari tendo moja la kawaida na kutaja tukio litakalolifyatua. Hapo ndipo pa kuwa makini na maneno kama Mama Kete alivyotuusia, maana tendo la kuvizia nalo hutokea kabla tu ya tukio lililotajwa. Akisema "akiinuka nampiga ngwala," amerudi pale pale, atampiga mtu aliye chini. Aseme hivi: "akiinua silaha kumpiga yeyote kati yetu, nampiga ngwala." Nahodha atainuka, na hapo mchezaji wako bado ana pigo lake la upenyo la kumjeruhi, atakuwa amesimama, kisha atakapoinua upanga, ngwala ya kuvizia itamkuta wima, akiwa na kinga yake yote ya 20. Akianguka, atakuwa ameshatumia tendo la mwendo kuinuka, na pigo alilokusudia litabidi alifanye akiwa chini kwa upungufu wa pointi 4, akipungukiwa na adui wa kumfikia ikiwa wenzenu wamesimama mbali. Ustadi wa juu wa ngwala utawapa pia mapigo ya upenyo wote walio karibu naye wakati anaanguka, nadhani hilo litawarudishia kazi wale wawili waliolalamika.

Bei yake ni kwamba mpiganaji huyo hakupiga chochote katika zamu yake, na kwamba nafasi yake katika mpangilio wa zamu inahamia pale alipolifyatua tendo. Nahodha akiamua kukimbia badala ya kupiga, au akitupa kisu badala ya kuinua upanga na maneno ya mchezaji wako hayakukigusa kisu, ngwala haitoki kabisa. Mwambie ayaandike maneno yake kwenye karatasi ya mhusika, na myasome kwa pamoja kabla ya Jumamosi.